Nyumba Iliyofutwa Alhamisi

Jumamosi tarehe 31 Mei 2008, saa tatu asubuhi, Basma alikaa mbele ya kompyuta katika duka la intaneti la Hisham, Mkunazini, akangoja nyumba yake itokee. Siku mbili hakufika, mama yake alimtuma kwenye foleni za maji. Kungoja alishakuzoea. Katika dunia ile ya kwenye mtandao kuta zilikuwa zikija moja moja: baraza kwanza, kisha ngazi, mlango wa nakshi mwisho. Siku nyingine mashine huganda, ukabaki na ngazi zisizofika popote. Alingoja dakika ishirini. Kilichotokea ni mchanga mtupu na bahari ya kuchora.

"Hisham, mtandao wako leo una nini?"

"Mtandao mzima, jenereta nzima. Jirani yako hapo anaona kila kitu."

Nyumba ilikuwa imefutwa.

Ilikuwa mfano wa nyumba yao ya Malindi, ile iliyoanguka kwa mvua Basma akiwa na miaka minane. Aliijenga miaka miwili, baba yake Mabrouk kakaa pembeni anamwelekeza dirisha lilikuwa wapi, kisima wapi. Mlangoni wakatia sauti ya Mabrouk. Ukiubonyeza anakwambia, "Karibuni ndani, viatu hapo hapo." Mabrouk alifariki Ramadhani iliyopita. Sauti yake haikubaki popote ila kwenye mlango ule.

Basma aliiandikia kampuni yenye dunia ile mara saba. Mara saba akajibiwa na mashine, maneno yale yale, kwamba ombi lake ni muhimu sana kwao. Ya nane ilijibiwa na mtu. Kitu kilichofutwa huwekwa siku kumi na nne, kisha hupotea moja kwa moja. Nyumba ilifutwa Alhamisi tarehe 29. Itarudishwa ikithibitika kuwa aliyefuta si mwenyewe, na mwisho ni tarehe 12 Juni.

Polisi hawakumsaidia.

"Nyumba iko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Na kiwanja chake?"

"Hakina."

Askari wa zamu akafunga daftari. Ndipo Basma alipomwendea Mjaka, koplo mstaafu, rafiki wa marehemu baba yake, anayekaa ghorofa mbili chini yao kule Michenzani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kompyuta siijui, mwanangu. Lakini mwizi nnamjua. Kaa unieleze."

Jambo la kwanza aliloliandika Mjaka ni umeme. Kisiwa kizima kilikuwa gizani tangu wiki iliyotangulia, na duka lenye jenereta na mchezo ule lilikuwa la Hisham peke yake. Jambo la pili ni saa. Kampuni ilisema nyumba ilifutwa saa sita na dakika ishirini za usiku kwa saa za kwao. Basma akaongeza saa kumi: saa nne na dakika ishirini asubuhi, Unguja.

Jumatatu tarehe 2, Mjaka alimkuta Hisham akitia mafuta kwenye jenereta.

"Neno la siri la Basma unalijua?"

"Akaunti nilimfungulia mimi mwanzo, neno la siri akalibadilisha siku ile ile. Hata hivyo, mzee, nimfutie mteja anayekaa saa sita kwa siku? Ntakula nini?"

"Daftari la wateja."

Hisham alimpa. Katika shida ile ya umeme kila mteja alijiandika mwenyewe, jina na saa. Alhamisi saa nne asubuhi walikuwapo watatu: Mtaliano, Thuwaini wa Mtoni, na mtu aliyeandika "Nasima" kwa herufi kubwa kubwa, za mtu asiyeandika mara nyingi.

"Huyu Nasima nani?"

"Mwanamke kavaa ninja, macho tu. Kakaa nusu saa, kaondoka. Hakuuliza kitu."

Mjaka akanakili majina yote matatu.

Thuwaini alipatikana Mtoni, anaosha pikipiki. Basma alishaeleza kuwa kijana huyu ana nyumba jirani na yake katika dunia ile, na kwamba aliwahi kumwandikia, "Usiponipa mfano wa mlango wako utajuta."

"Utajuta maana yake nini?" aliuliza Mjaka.

"Maneno tu, mzee. Mashairi."

"Soma ubeti wa pili. Ulijaribu kuingia kwake?"

Thuwaini akakamua tambara. "Jumatatu iliyopita, mara mbili. Ukisahau neno la siri mashine inakuuliza swali. La Basma ni jina la mama yake kabla ya kuolewa. Nikacheka. Wazungu mwanamke akiolewa anabadilisha jina. Huku kwetu nani anabadilisha? Nikaandika Mwanakheri. Ikakataa. Nikatia na la babake, ikakataa tena. Nikaacha."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilikuwa kwenye nyumba yangu ya mtandaoni, napaka rangi. Muulize Mtaliano, alinisaidia kuchagua."

Mtaliano, aliyekuwa akilala gesti ya jirani, alikubali kwamba ni kweli.

Jioni ile Mjaka alipanda ghorofa mbili. Bi Mwanakheri, mama yake Basma, alimtilia chai ya tangawizi. Basma alikuwa amejilaza, uso ukutani. Siku ya tatu hajala kitu cha maana.

"Miye kompyuta sijui hata kuiwasha, shemegi," alisema Bi Mwanakheri. "Labda kagusa mwenyewe kwa bahati mbaya. Ingawa hapana, ile haifuti mpaka ikuulize mara mbili."

Mjaka aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Barua ya mwisho ya kampuni ilikuja Jumatano tarehe 11, siku moja kabla ya muda kwisha. Aliyeingia Alhamisi hakuwa na neno la siri. Alijibu swali, na alipata mara ya kwanza.

"Uliandika jibu gani?" Mjaka alimuuliza Basma palepale dukani.

Basma aliisogeza kibodi. "Mama alizaliwa na jina jingine. Alikuwa anaumwa sana utotoni, wazee wa Makunduchi wakasema jina limemwelemea, wakambadilisha. Baba ndiye alonambia. Mtaani hakuna anayelijua."

"Jina gani?"

"Nasima."

Mjaka akamfungulia ukurasa alionakili. Basma aliusoma, akaurudisha. "Hapana, ami," alisema. "Hapana."

Baada ya alasiri walikaa watatu katika fleti ya Michenzani.

"Bi Mwanakheri, watu walioyajua majina yako mawili ni wangapi walio hai?"

Bi Mwanakheri alikuwa anachagua mchele. Akauweka ungo chini. "Wawili. Mimi na huyu."

"Na kuingia kule ulijuaje?"

"Kanifundisha mwenyewe, Machi. Kanambia bonyeza hapa, mama, nawe umsikie."

"Kwa nini, mama?" Basma aliuliza kwa sauti ndogo.

"Miezi minane unakwenda kwa babako asubuhi unarudi magharibi. Chuo cha ualimu wamekuita, hukwenda. Nakupikia, hunitazami. Ukilala nakusikia unamjibu. Nikaona nawe unanitoka, na mimi nipo hai nnakutazama. Nilidhani nikiifuta utalia siku tatu kama msiba wowote, kisha utanirudia."

"Nilikufundisha ili usiwe peke yako."

Bi Mwanakheri akainuka, akavaa buibui. Kabla duka halijafungwa walikwenda kwa Hisham, Hisham akaandika kwa Kiingereza kila alilolikiri Bi Mwanakheri, naye mama akatia majina yake chini, yote mawili.

Jibu lilikuwapo Alhamisi asubuhi. Kwa kanuni zao, anayejibu swali sawasawa ndiye mwenye nyumba. Mwenyewe kafuta, shauri limefungwa. Chini yake waliomba alama ya huduma, moja mpaka tano. Basma aliisoma mpaka mwisho, akainuka bila kubonyeza kitu.

Sasa anasoma ualimu. Anapika, anafua, anafagia. Asubuhi humwambia mama yake shikamoo, huitikiwa marahaba, na mpaka kesho asubuhi hakuna neno jingine. Mzazi mwenzangu, kama mwanao kajifungia na kitu usichokielewa, usiwe na haraka ya kukivunja. Muulize kwanza ndani mna nani.

Kila Alhamisi, saa nne, Bi Mwanakheri hushuka Mkunazini, akajiandika daftarini kwa Hisham, akamwomba aiandikie tena kampuni irudishe nyumba.

"Bi Mwanakheri, nshakwambia, wameshaifuta kabisa. Hata hiyo inayojibu si mtu, ni mashine."

"Inasoma?"

"Haisomi."

Bi Mwanakheri alivuta kiti karibu na kompyuta, akakaa. "Basi iandikie hivyo hivyo."