Hodi Ishirini na Moja

Nasimiyu alikuwa na mazoea yake. Kila alipotafuta hitilafu, alichomeka neno "Hodi" katika kila hatua ya programu, ili ikipita hapo iliandike kwenye faili ambalo mafundi huliita logi. Hodi ikikosekana, ajue programu imekwama wapi. Alasiri hiyo ya Juni 2007, katika ofisi yao katikati ya jiji, alichomeka hodi ishirini na moja. Haikuonekana hata moja.

"Umewasha debug?" Obuya, fundi mwenzake, aliuliza, maana bila hiyo logi hubaki tupu.

"Nimewasha. Nimerestart server mara tatu. Hakuna kitu."

Programu ilikuwa ya hospitali moja mtaani Jamhuri. Tangu Jumatatu, kila siku jina la mgonjwa mmoja lilifutika kwenye orodha, na mwenye jina hakuliona jua likitua. Bosi alisema ni bahati mbaya tu. Lakini Milcah, dadake Nasimiyu, alikuwa amelazwa huko jana kujifungua, na Nasimiyu aliogopa hadi vidole vikakosea herufi.

Mama Syokau, aliyekuwa akipiga deki, akasimama ghafla.

"Nani amechoma udi?" akanong'ona.

"Labda ni chips za hapo chini, mama," Obuya akasema.

"Hii si chips. Kwetu Kitui tunaijua, huja na wasioonekana." Akatazama skrini ya Nasimiyu. "Na wewe unapiga hodi zote hizi kwa nyumba hujui ni ya nani? Leo usiitikie kitu hujaona, umenisikia? Ukikiitikia tu, kitajua njia ya kwa watu wako."

Obuya alicheka kidogo, kisha akapiga meza. "Nimezipata! Kuna config ya zamani, ilikuwa inatupa log kwa folder ingine."

Nasimiyu alishusha pumzi, akafungua faili. Akahesabu hodi zake zote. Chini yazo palikuwa na ya ishirini na mbili, ambayo hakuiandika, kisha ikatokea nyingine, na nyingine, bila mtu kugusa kibodi, na udi ukazidi kunukia, na huku macho yake yameganda kwenye skrini akasikia mlangoni, nyuma yake, sauti laini ya mwanamke mchovu ikisema hodi, naye aliyelelewa Bungoma kwa mama asiyewahi kumwacha mgeni nje, ulimi ukamtangulia.

"Karibu."

Deki ilimponyoka Mama Syokau. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kwenye logi mstari mmoja uliongezeka: *Asante. Nishajua njia.*

Nasimiyu akafungua orodha ya wagonjwa. Jina la Milcah halikuwepo. Akashika simu, akapiga. Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Milcah! Milcah, uko sawa?"

Kisha akajibiwa, na sauti haikuwa ya Milcah, wala ya nesi. Ilikuwa yake mwenyewe, Nasimiyu, ileile iliyoitikia mlangoni.

"Karibu."