Tawi Juu ya Bomba

King'ora cha kampuni kilipolia alfajiri, Kambi ya Chokaa yote iliamka kwa pamoja. Waliotaka kulala na wasiotaka, wagonjwa na wazima, wote waliamshwa na mlio ule ule. Tulinagwe alisukuma shuka pembeni, akachukua ndoo na kukimbilia bombani. Hakupenda kumkuta Mwajuma ametangulia, kwa sababu rafiki yake huyo alikuwa hodari wa kutania.

"Umechelewa tena, binti wa milimani," Mwajuma alisema akiwa mbele ya foleni. "Kule kwenu Ileje mlikuwa mkiamshwa na nini?"

"Na jogoo," Tulinagwe alijibu. "Naye alikuwa na sauti nzuri kuliko hii."

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kambi ilikuwa kando ya njia ya kwenda Mbangala, mahali ambapo kampuni ya kigeni ilichoma mawe kutengeneza chokaa. Baba yake Tulinagwe, Watson Mbonile, alifanya kazi kwenye matanuri. Baba yake Mwajuma, mzee Seleman kutoka Tunduma, aliendesha lori. Nyumba zilipangwa kwa mistari na kupakwa chokaa nyeupe, na kila mstari ulikuwa na bomba lake. Mtu aliyezoea kupanda kilima na mtungi kichwani angewezaje kulalamika? Tulinagwe aliionea fahari kambi hiyo.

Ila kila kitu kilikuwa cha kampuni. Nyumba ni za kampuni, duka ni la kampuni, zahanati ni ya kampuni, na askari waliolinda geti walikuwa wa kampuni. Uzio wa seng'enge ulizunguka pande zote. Kampuni ilikuwa na mkataba wa tangu enzi za wakoloni ulioiruhusu kujitawala yenyewe ndani ya uzio. Diwani hakuingia, wala mkaguzi yeyote wa serikali. Bango la getini lilikataza kukata kuni, kufanya mikutano na kupokea mgeni bila kibali. Mtu akinung'unika, wenzake walimwambia, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Basi naye alinyamaza.

Masika hayo watoto walianza kuugua. Walishikwa na homa, wakaumwa tumbo na kukataa chakula. Mtoto mmoja wa mstari wa chini alifariki, akazikwa nje ya uzio. Kisha Osward, mdogo wake Tulinagwe, alilala kitandani na hakutaka kuinuka. Alikuwa mtoto mtundu asiyetulia hata akila. Sasa alitazama ukuta tu.

Mama alimpeleka kwenye zahanati ya kampuni. Mganga alimpa vidonge vyeupe. "Amekula karanga mbichi," alisema bila kumgusa.

"Hajala karanga," Mama alijibu.

"Basi amekula kitu kingine," mganga alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Shule ya kina Tulinagwe ilikuwa kijijini, nje ya uzio. Juma hilo Bwana Yonathani, bwana afya wa wilaya, alifika kwa baiskeli yake kuwafundisha wanafunzi kuhusu homa ya matumbo. Aliposema kwamba ugonjwa huo huletwa na maji yaliyoingia kinyesi, Tulinagwe alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Sisi tunakunywa maji ya bomba, lakini mdogo wangu anaumwa hivyo hivyo ulivyoeleza."

"Marahaba. Mnayachemsha?"

Wanafunzi wa kambini walitazamana. Pale kambini watu wote waliamini kwamba maji yakipita ndani ya chuma huwa safi. Isitoshe, kuni zilikatazwa, na mkaa wa dukani ulitosha kupikia ugali tu.

"Bomba halisafishi maji," Bwana Yonathani alisema. "Bomba hubeba tu kile lilichopewa. Je, maji yenu yanatoka wapi?"

Tulinagwe alifikiri. Kule milimani hata mtoto mdogo aliijua chemchemi ya kwao. Hapa alikuwa amekunywa maji kwa muda mrefu bila kuuliza. Aliona aibu, akasema, "Sijui. Tafadhali uje utuangalizie."

Bwana Yonathani alicheka kidogo, lakini hakuwa na furaha. "Nimekwenda mara nyingi, mwanangu. Askari wa kampuni hunirudisha getini. Wanasema hata mbu wa mle ndani ni mbu wa kampuni. Wakubwa wangu wilayani wanataka kwanza ushahidi, nao ushahidi umefungiwa ndani."

Jioni ile Tulinagwe alimvuta Mwajuma mkono. Wakalifuata bomba kutoka mstari wao, wakapita nyuma ya karakana ya malori, wakapanda mpaka kwenye kijito kilichozibwa kwa ukuta wa mawe. Bomba lilianzia hapo. Maji yalionekana meupe ya kupendeza. Lakini juu kidogo ya kijito, kampuni ilikuwa imewajengea vibarua wapya safu ya vyoo vya shimo. Mvua ilikuwa imejaza mashimo yale, na uchafu ulichuruzika polepole kwenye majani mpaka kijitoni.

Mwajuma alifunika pua kwa kanga yake. Safari hii hakuwa na utani. "Tulinagwe, haya ndiyo tunayokunywa?"

"Nani amewatuma huku?" sauti iliuliza nyuma yao. Alikuwa Sadoki, msimamizi wa kambi, mtu mrefu aliyeogopwa hata na askari wake.

Tulinagwe alijibu, "Shikamoo. Hatukutumwa. Tumekuja kuona maji yetu."

"Maji ni ya kampuni. Yakisemwa maneno ya vyoo huko kwenye mistari, baba zenu watakosa kazi. Mmesikia?"

Walisikia vizuri sana. Hata hivyo, Tulinagwe alipofika nyumbani aliwaeleza wazazi wake yote, vyoo na vitisho pia.

"Nikifukuzwa kazi," Baba alisema, "siku hiyo hiyo tunatolewa ndani ya nyumba hii. Nani atatutetea? Mnyonge hana haki."

"Na Osward akifa?" Mama aliuliza.

Asubuhi Baba alivaa shati lake la kanisani, akaenda kwa meneja. Alirudi uso umemsawijika. Meneja alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amechoka na kazi. Kuhamisha vyoo ni gharama, alisema, na ndani ya uzio hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumwamuru. Baba alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na uchungu wa mzazi aliyeshindwa.

Mama alimfunika Osward shuka. Kisha alitoka nje, akavunja tawi lenye majani kwenye ua wa nyumba, akalilaza juu ya bomba la mstari wao.

Wanawake waliokuja na ndoo walisimama. Waliotoka Ileje walielewa mara moja. Kwao chemchemi ikichafuka, mama mmoja hulaza tawi njiani, na hakuna anayechota tena mpaka wote wakutane kuisafisha. Anayelivuka tawi hilo hupikiwa na nani siku ya msiba? Hakuna.

"Nini maana yake, mama Tulinagwe?" aliuliza mama yake Mwajuma.

"Maana yake maji haya yanaua watoto, dada yangu. Bwana afya hawezi kuingia humu. Basi sisi tutatoka tumfuate. Tutachota maji kwenye chemchemi ya kijijini, na tutakwenda na wagonjwa wetu."

"Wakitufukuza je?"

"Watafukuza mstari mmoja. Lakini wakitoka watu wa mistari yote, kampuni itabaki na nani wa kuchoma mawe?"

Mama yake Mwajuma aliinamisha ndoo yake, akamwaga maji yaliyokuwamo. Habari zilikimbia. Kabla jua halijawa kali, kila bomba lilikuwa na tawi lake, na wanawake walielekea getini na ndoo na madebe kichwani. Mama alimbeba Osward mgongoni. Tulinagwe alichukua ndoo ambayo alikuwa ameikinga usiku uliopita, kabla ya matawi, ikiwa bado na maji, kwa sababu alikumbuka neno la bwana afya kuhusu ushahidi.

Sadoki aliwazuia. "Vibali vyenu viko wapi?"

"Tunakwenda kuchota maji," Mama alisema.

"Maji yapo kwenye mabomba. Tena ni safi."

Mama hakubishana. Alimwambia Tulinagwe asogee, akachovya kikombe ndani ya ndoo, akamnyooshea Sadoki kwa mikono miwili, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Basi karibu, baba. Kunywa wewe kwanza."

Sadoki alikipokea kikombe. Alikitazama. Wanawake wote walisubiri, na askari wa geti naye alimtazama mkubwa wake. Tulinagwe alijua kwamba mtu huyu ameviona vyoo vile kama alivyoviona yeye. Hatimaye Sadoki alikiweka kikombe chini polepole, bila kunywa.

Askari wa geti alikuwa na watoto kwenye mstari wa chini. Hakungoja amri. Alifungua geti lote.

Kijijini Bwana Yonathani, ambaye bado alikuwa akifundisha shuleni, aliwapima watoto barazani pa shule. Alichukua maji ya Tulinagwe kwenye chupa, akampakia Mama na Osward kwenye baiskeli, akakanyaga mpaka zahanati ya serikali. Hakupumzika njiani. Osward alilazwa, akapewa dawa iliyomfaa. Siku kadhaa alikuwa kati ya kufa na kupona, na Mama hakuondoka kando yake. Hatimaye mtoto alifumbua macho akaomba uji. Mama alilia mbele ya watu bila haya.

Kambini matawi yalibaki juu ya mabomba. Sadoki aliyatoa, wanawake wakaweka mengine. Wanaume nao waliona haya kushindwa ujasiri na wake zao. Wakaweka koleo chini, na mzee Seleman akazima lori lake. Matanuri yalipopoa, meneja alianza kusikia vizuri. Maofisa wa wilaya walifika na majibu ya maji, na safari hii geti halikufungwa. Serikali iliamuru vyoo vihamishwe, mkataba ule wa zamani ukafutwa, na wakazi wakachagua kamati yao ya maji. Mama aliwekwa kuwa mwenyekiti, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku maji mapya yalipofunguliwa, watu wote walikusanyika kwenye bomba la mstari wa kina Tulinagwe. Huo ulikuwa mkutano wa kwanza kufanyika ndani ya uzio bila kuomba kibali. Bwana Yonathani aliinuka kusema.

"Nyumba nzuri na bomba mlangoni ni vitu vyema," alisema. "Kampuni ikileta kazi, tuishukuru. Lakini mahali ambapo mwenye mali ndiye mwenye sheria, ndiye mwenye polisi, na ndiye mganga, mtu wa kawaida akidhulumiwa atashtaki wapi? Ndiyo maana tunataka serikali yenye sheria inayomfunga kila mtu, mkubwa na mdogo. Na sheria hiyo hailindwi na mimi peke yangu. Ninyi watoto, msione haya kuuliza maji yenu yanatoka wapi. Tulinagwe aliuliza, akatembea kwenda kuangalia, akasema kweli ingawa alitishwa. Wengine mngaliuliza mapema, tusingalimzika yule mtoto wa mstari wa chini."

Watu waliinamisha vichwa. Kisha Mama alisogea, akaliinua tawi, akafungua bomba. Bwana Yonathani alikunywa wa kwanza, akamrudishia Mama kikombe.

Nyuma kabisa ya foleni alisimama Sadoki na ndoo yake. Watu walimtazama na kumpisha kwa mazoea, lakini yeye alitikisa kichwa akabaki mahali pake. Zamu yake ilipofika, Mama alijaza kikombe kile kile, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu, baba."

Sadoki alikipokea, akanywa chote.