Ujumbe Uliokataa Jibu la Meneja

Siku yenyewe ilianza kama nyingine yoyote pale kwenye kiwanda cha barafu. Jua lilikuwa limeshapanda, malori yamejipanga uani, na jirani yetu, binti tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta, alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la umeme akikaza nati ya antena.

"Fundi, leo umenuna kuliko barafu yenyewe," mpakiaji mmoja alimtania.

"Barafu ina nafuu. Inayeyuka," alijibu bila kugeuka.

Alikuwa na sababu ya kununa. Kazi ile ilikuwa ya kaka yake. Ndani ya kabati kulikuwa na kifaa kidogo chenye laini ya simu, alichokifunga kaka mtu mwenyewe. Gesi ya kupozea ikivuja, kifaa humtumia ujumbe mtu wa kwanza kwenye orodha. Huyo anatakiwa kujibu NIMEPATA. Asipojibu, ujumbe unahamia kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, na hauchoki mpaka apatikane mtu. Ila mmoja akishajibu, kifaa kinanyamaza, kikiamini yuko njiani.

Kaka mtu alitaka fundi wa zamu awe wa kwanza. Meneja akakataa katakata: haiwezekani mafundi wajue mambo kabla ya bosi. Akajiweka yeye juu ya orodha.

Siku moja gesi ikavuja. Meneja alikuwa mkutanoni. Aliitazama simu, akajibu NIMEPATA ili isimsumbue, akaendelea kuongea. Karani aliyekaa kando yake aliona, na ndiye aliyekuja kumweleza binti. Kaka mtu, aliyekuwa chumba cha mashine nyuma ya kompresa, mashine inayosukuma gesi, hakupata ujumbe wowote. Walimtoa akiwa maiti.

Kiwanda kikatangaza kwamba ni uzembe wa fundi. Tangu hapo mama yao hakutoka nje. Huko nje alikuwa mama wa mzembe. Binti aliomba kazi ile kwa shabaha moja: Meneja aseme ukweli kwa mdomo wake, mbele ya mama.

Mchana ule akamfuata tena ofisini.

"Bosi, twende nyumbani ukamwambie mama."

"Wewe nawe! Hivi huchoki?"

"Sichoki. Watu wanakuja kumuuliza mama yangu mwanawe alikuwa amelewa nini."

"Marehemu tumuache apumzike, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

Simu ya Meneja ikatetemeka mezani, ujumbe wa kifaa: Gesi inavuja. Chumba cha mashine.

Binti alichungulia dirishani. Taa ya kipimo cha gesi juu ya mlango wa mashine ilikuwa ya kijani. Hakuna kilichovuja. Meneja, kwa mazoea, akajibu NIMEPATA.

Simu ikatetemeka. Hujafika.

"Nini hiki? Umekichezea kifaa?"

"Mikono yangu hii hapa. Unaiona?"

Akajibu tena NIMEPATA. Hujafika. Akajibu tena. Hujafika. Binti akainama kuisoma simu. Alikijua kifaa kile herufi kwa herufi. Neno hilo halikuwemo.

Meneja aliondoka akifoka kwamba ataing'oa laini hiyo na binti naye atafute kazi kwingine. Binti akamfuata. Badala ya kusimama kwenye kabati, Meneja alilipita. Akaingia chumba cha mashine, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Mlango ukajifunga.

Binti alishika komeo. Liliganda. Jua likiwaka vile, komeo la nje lilikuwa limevaa utando mweupe wa barafu. Alilivuta kwa nguvu zote. Halikusogea. Kompresa ikazimika yenyewe.

Kisha sauti ya Meneja, ndogo, ikipenya kwenye ufa.

"Kuna mtu humu."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya kompresa. Ananitazama. Fungua, mwanangu. Tafadhali."

Hasira ilimpanda binti hadi machozi yakamtoka. Aliweka mdomo kwenye ufa.

"Mwambie ulichofanya."

"Nitakwambia wewe, nifu—"

"Si mimi. Yeye."

Alisikia meno yakigongana. Halafu mnong'ono.

"Niliupata. Niliupata ujumbe wako. Sikuja."

Komeo likaanza kudondosha maji, likafunguka.

Alasiri hiyo hiyo Meneja alikuja, sote majirani tukiwa mlangoni, akaketi mbele ya mama mtu. Akasema yote. Alijibu simu, hakuinuka, kijana hakuwa mzembe. Akaomba msamaha.

Mama alimsikiliza bila kupepesa macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Toka nyumbani kwangu."

Alipotoka ndipo tulipoona. Nyuma ya kiti, sakafu ilikuwa na nyayo mbili za maji, za miguu mitupu, vidole vikielekea mgongoni mwa mtu aliyekuwa amekaa pale. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yake. Na hazikuishia hapo. Ziligeuka, moja baada ya nyingine, zikavuka kizingiti na kushika njia aliyopita Meneja.

Binti alitaka kukimbia amwonye. Mama akamshika kanga.

"Mwache kaka yako. Hajamaliza."

Meneja hakuonekana tena kazini wala kwake. Zile nyayo za njiani zilikauka. Hizi mbili za nyuma ya kiti bado zipo. Binti amepiga deki mpaka amechoka. Ukiziwekea kiganja, baridi yake inauma hadi kwenye mfupa.