Kamera Kwenye Keria

Wewe unayenisikiliza, umewahi kufunga kamera kwenye pikipiki ukijua kwamba ikitikisika, mtu anakufa?

Mwanaima alifunga ya kwake asubuhi ile.

Na ilikuwa inatikisika.

Mbele yake Fuso jeupe lilikuwa linakata vumbi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Lilikuwa limesheheni mifuko ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri, ukungu unaokausha maua, na juu limefunikwa turubai la bluu. Chini ya mifuko kulikuwa na meno ya tembo. Na katikati ya hayo meno, amefungwa kamba mikono na miguu, alikuwa Eustakio.

Eustakio alikuwa na pumu.

"Nane, unanisikia?" Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya mbaazi, alichokificha sikioni chini ya mtandio na helmeti. Ilikuwa sauti ya Mzee Mudrik, mkuu wake, aliyekuwa anamfuatilia kwenye skrini huko Dar es Salaam. Nane lilikuwa jina la siri la Mwanaima kazini.

"Nakusikia, mkuu."

"Picha inacheza. Naona vumbi, naona anga, naona vumbi tena. Imrani yuko wapi?"

"Ndani ya kebini, na dereva wake. Vioo vyeusi. Mkuu, naomba ruhusa nilisimamishe."

"Hapana."

"Eustakio hatafika!"

"Mara ya mwisho tulikamata gari, tukakamata na dereva. Imrani akabaki kwake anakunywa chai, kwa sababu hakuna anayeijua sura yake. Nipe sura, akiwa na mzigo wake. Hapo nakupa polisi wa Ruangwa. Bila sura, usiguse."

Sauti ikakatika.

Mwanaima aling'ata mdomo mpaka akaonja damu.

Msimu mzima alikuwa ameishi Nachingwea kama dada anayejirekodi akiendesha pikipiki na kutupia picha mtandaoni. Alikuwa na Boxer jeusi, kamera ya GoPro ndogo kama kibiriti, na bastola ya Beretta chini ya siti. Vijana wa bodaboda walimwita Dada Kamera. "Dada Kamera, wanaume wamekwisha mpaka unatembea na pikipiki?" Naye huwajibu, "Pikipiki haitaki kupikiwa." Wakacheka, akapita. Nani amshuku mtu anayejipiga picha mchana kweupe?

Aliyejua ukweli ni Eustakio peke yake, askari wa wanyamapori kule Kilimarondo. Walifanya kazi pamoja, yeye kwenye baiskeli yake aina ya Phoenix, Mwanaima kwenye Boxer. Kila akimwambia apande nyuma, jamaa huyo hukataa.

"Nipakiwe na mwanamke, tena mbele ya kamera? Wanicheke mpaka parokiani!"

Lakini alfajiri ya siku ile, pembeni ya shamba la ufuta, Eustakio alishika usukani wa Boxer akawa hauachii.

"Mwanaima, kuna kitu nataka kukuomba."

"Omba."

Akakuna kichwa. Akatazama viatu vyake.

"Basi. Tukimaliza kazi."

Akaenda kuchungulia ghala la Imrani. Hakurudi. Mwanaima alishuhudia kutoka kichakani wanavyomkamata, wanavyomfunga, wanavyomrusha ndani ya Fuso kama gunia la mihogo na kumpangia mifuko ya salfa juu. Bunduki mbili, na yeye ana bastola moja. Angefyatua, wangemmaliza Eustakio kwanza. Katika purukushani, dawa ya kuvuta ya Eustakio ilidondoka mchangani. Gari lilipoondoka akaiokota, akaipangusa, akaitia mfuko wa jaketi. Sasa kila shimo la barabarani, kichupa kile kilimgonga ubavuni.

Kinamkumbusha.

Alifunga breki pembeni ya njia. Fuso likapotelea kwenye vumbi lake.

Kosa lilikuwa lake. Alikuwa ameifunga kamera kwenye usukani, chuma juu ya chuma, kama wanavyofanya wengi, halafu injini inaitetemesha kama mtu mwenye homa. Tena iliangalia mbele, na ukiwa nyuma ya Fuso huoni kitu ila bampa lake.

Alivua ndala ya mguu mmoja. Akatoa kisu, akakata kipande cha kisigino, akakilaza juu ya keria ya nyuma. Juu yake akaikalisha kamera, lenzi ikiangalia alikotoka. Kisha akafungua ile mipira ya tyubu ya kufungia mizigo, akaizungusha, akaivuta kwa meno, akaizungusha tena. Akaigonga kwa ngumi.

Haikutikisika.

"Mkuu, unaona?"

"Naona njia imetulia kabisa. Lakini unarekodi nyuma, Nane."

"Nitakaa mbele yake."

Fuso lilikuwa halina budi kuzunguka na barabara kubwa, lipite Ruangwa mjini, ndipo lishuke Nkowe. Mwanaima akaingia njia ya baiskeli, katikati ya mikorosho, mguu mmoja umevaa ndala, mwingine mtupu. Matawi yalimchapa helmeti. Alihesabu pumzi za mtu asiyemwona.

Karibu na Nkowe alikuta mwanamke amekaa ukingoni mwa shamba lake, mashine ya kupulizia iko mgongoni, kimya, tangi tupu. Alikuwa Bi Hafidha, anayemjua kila mpita njia.

"Dada Kamera! Mguu mmoja umemwachia nani?"

"Shikamoo, mama. Mbona hupulizi, na umande wa kushika dawa ndio huu?"

"Marahaba. Nipulize nini, mate? Salfa haijafika, mwanangu. Maua yote yananyauka kwa ubwiri. Kijiji kizima tumekaa hivi, mashine mgongoni kama watoto wachanga."

Mwanaima alimtazama. Akaitazama mashine.

Kijiji kizima.

Na lile Fuso, katika nchi yote hii ya mikorosho, limeamua kujificha chini ya salfa!

"Mama, panda. Salfa inakuja."

Waliingia Nkowe honi ikilia bila kukoma, Bi Hafidha nyuma na mashine yake, anapiga kelele kuliko honi: "Salfaaa! Salfa inapita! Tokeni!"

Walitoka. Wanaume na nguo zao za shamba, wanawake wamejifunga khanga, baiskeli zikatupwa katikati ya barabara. Mwanaima alisimamisha Boxer, keria ikiangalia Ruangwa. Fuso lilipotokea kwenye kona, halikuwa na pa kupita.

Dereva akatoa kichwa. "Oya, pisheni! Huu mzigo si wenu."

"Wa nani?" Bi Hafidha akauliza.

"Unakwenda pwani."

Watu wakaangua kicheko.

"Salfa inatoka bandarini inakuja huku, baba. Wewe unairudisha? Samaki wameanza kulima korosho?"

"Mama, nitakugonga!"

"Nigonge. Nife na ubwiri wangu."

Mwanaume mmoja alikuwa keshapanda na panga. Alikata kamba ya turubai, akavuta mfuko wa juu. Mfuko ukachanika. Unga wa njano ukamwagika juu ya kebini, ukaingia dirishani kwa dereva kama moshi.

Mlango wa pili ukafunguka.

Alishuka mtu mrefu, kofia, miwani myeusi, barakoa. Alikuwa anakohoa. Salfa ilishamwingia macho, na salfa ya macho, anayeijua anaijua: huwezi kuvumilia ukiwa umejifunika. Akavua miwani. Akang'oa barakoa. Akainua uso, machozi yanamtiririka, akiomba maji.

Uso mzima.

"Tumempata," sauti ya Mzee Mudrik ikasema sikioni. "Sura yake ninayo. Polisi wanatoka Ruangwa sasa hivi. Subiri, Nane."

Kusubiri?

Kutoka ndani ya mzigo, chini ya turubai, Mwanaima alisikia kikohozi. Chembamba. Kisha hakukisikia tena.

Imrani naye alikisikia. Akageuka. Macho yake mekundu yakaona keria, yakaona taa ndogo nyekundu ya kamera inayowaka.

"Ni wewe!"

Mkono wake ukaenda kiunoni, ukatoka na bastola.

Beretta ilikuwa chini ya siti. Mbali mno.

Bi Hafidha alikuwa keshajaza tangi lake kwa salfa iliyomwagika, maana mkulima hasubiri. Mwanaima alishika bomba la mashine kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavuta kamba ya injini. Iligoma. Akavuta tena.

Ikanguruma.

Wingu la njano lilimmeza Imrani. Risasi ilienda angani. Mwanaima aliingia ndani ya wingu macho yamefumbwa, akatafuta kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kikalia. Bastola ikaanguka. Imrani akafuata. Dereva alijaribu kufikia bunduki chini ya kiti. Wakulima walikuwa wameshamtoa kwa kola.

Mwanaima hakuangalia nyuma. Alipanda Fuso, akarusha mifuko, mmoja, mwingine, mwingine. Meno ya tembo yakaanza kuonekana, meupe.

"Eustakio!"

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alimkata kamba, akamkalisha, akamtia dawa mdomoni.

"Vuta."

Hakuna.

"Vuta, baba. Nakuomba, vuta!"

Kifua kikatulia. Kikatulia mno.

Halafu kikapanda.

Polisi walipofika, Imrani alikuwa ameketi chini, ananawishwa macho na Bi Hafidha huku akisutwa. Mwanaima aliwaonyesha mzigo kwa kidole, akakung'uta salfa mabegani, akaenda kwenye Boxer lake na ndala yake moja.

"Kazi nzuri, Nane," sikio likasema. "Zima kamera."

Alikuwa ananyoosha mkono kuizima aliposikia hatua za kuyumba nyuma yake.

"Mwanaima." Eustakio alisimama mbele ya lenzi, wa njano toka nywele hadi viatu, pumzi bado inapiga filimbi. Nkowe nzima ilikuwa inatazama. "Kile nilichotaka kukuomba alfajiri."

"Omba."

"Nipakie. Tupite Ruangwa, tupite Nachingwea, mpaka parokiani. Na hiyo kamera usiizime."