Asukile na Gundi ya Sampo

Ndugu zangu, nyumba ya Asukile pale Mbalizi ilikuwa nyumba ya amani. Jumatano moja ya mwaka 1956 alikaa na mkewe Ikupa kando ya lori lao, wakila viazi vya kuchoma. Jumamosi mwana wao Anania angefunga ndoa Iringa, na lori hilo ndilo lingewapeleka jamaa wote. Kilichobaki ni sampo, lile karai la oili chini ya injini. Ilikuwa inavuja.

Ikupa akaligeuza kopo la gundi mkononi. "Baba Anania, mwenye duka alikueleza inavyopakwa?"

"Alieleza."

"Ukaelewa?"

"Niliitikia."

Hapo ndipo penye ugonjwa, nao si wa Asukile peke yake. Duka lilikuwa limejaa watu, akaona haya kusema hajui. Basi akapaka gundi tele juu ya uchafu wa zamani, akakaza bolti, akamimina oili papo hapo.

Ijumaa asubuhi, karibu na Rujewa, jamaa wakiimba nyuma, mshale wa kipimo cha oili ukaanguka.

"Simama!" Ikupa akapiga kelele.

Akasimama kabla injini haijafa. Wakamwita Tadeo, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alipofungua sampo, chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na vipande vya gundi.

"Mzee, ulikuwa unaziba sampo au unakandika nyumba?"

Jamaa wakaangua kicheko. Asukile akamsogelea. "Fundi, sijui. Nifundishe."

"Futa pande zote kwa petroli, chuma kikauke. Paka utepe mwembamba usiokatika. Ikizidi, inaminywa ndani na kuziba chujio. Kaza kidogo kidogo, bolti ya huku, kisha ya kule. Halafu iache ikauke mpaka kesho alfajiri."

"Na harusi?" akauliza Ikupa.

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Mtawahi."

Jamaa walinung'unika, wakataka kuondoka jioni ileile. Asukile akakataa. Alfajiri akapitisha kidole chini ya sampo: pakavu. Ndipo akatia oili.

Walifika Iringa kengele ya kanisa ikilia. Baada ya ibada, Kalinga, baba wa bibi harusi, akamwambia Asukile maneno marefu ya Kihehe, watu wote wakimtazama. Kichwa cha Asukile kilishaanza kuinama kuitikia. Akakizuia.

"Mkwe wangu, sijaelewa. Rudia polepole, kwa Kiswahili."

Kalinga akacheka hadi machozi. "Nimekuuliza kama utacheza peke yako mbele ya watu wote. Ungeitikia, ningekushika!"

"Kumbe! Basi nitacheza," akasema Asukile, "lakini na mama Anania."

Wakacheza.

Funzo

Usiitikie usichokielewa. Haya ya kuuliza hupita upesi, lakini kazi iliyofanywa kwa kubahatisha huwasumbua hata wasiohusika. Na ukishafundishwa, ipe kazi muda wake.