Hesabu ya Uwanja wa Barafu

Kila kipindi cha hesabu Marlys Penner alimaliza kabla ya wote, akafunga daftari kwa kishindo na kutazama theluji dirishani. Wenzake wa darasa la tisa walishamzoea. Dorian Chartrand, aliyekaa nyuma yake, hakuandika namba yoyote kabla ya kuchora picha kwanza, na hakuchoka kumtania.

"Dada Umeme kashamaliza! Sisi wa mishumaa bado tunapapasa."

"Endelea kuchora, msanii," Marlys alimjibu bila kugeuka.

Jumatano moja ya Desemba, Mwalimu Halyna Boyko aliingia bila kitabu. Aliandika swali moja tu ubaoni: boza la maji la Bwana Elmer lije mara ngapi ili uwanja wetu wa barafu uwe mnene vya kutosha?

Darasa zima lilichangamka. Mwaka uliopita maji yaliyomwagwa uwanjani ili yagande yalikuwa machache, barafu ikawa nyembamba, nyasi zikachungulia katikati ya uwanja, na mechi ya watoto wadogo ikavunjwa. Safari hii wazee wa mji waliomba shule ipige hesabu. Uwanja ulikuwa na urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini. Barafu ilitakiwa iwe na unene wa sentimita kumi, na boza lilibeba lita elfu nane.

"Tutumie kanuni ipi, Mwalimu?" mtu aliuliza.

"Nyie mnaonaje?"

"Aa, Mwalimu! Si utupe mfano kwanza?"

"Sina mfano, na jibu lenyewe sijalitafuta. Kisieni kwanza, kisha choreni."

Marlys hakukisia wala hakuchora. Baada ya dakika tano alinyoosha mkono. "Mara moja tu!"

Mwalimu Boyko hakusema ndiyo wala hapana. "Umejuaje?"

"Nimezidisha tu."

"Haya. Kesho utatueleza."

Jioni hiyo Bwana Elmer, kaka wa mama yake Marlys, alikuja kula nao viazi na soseji. Marlys hakuweza kujizuia. "Mjomba, nimeshakupigia hesabu. Ni safari moja tu!"

"Moja? Mungu akubariki, mpwa wangu! Basi nitakuja Jumamosi saa tisa mchana, namwaga, halafu naenda zangu kuvua samaki. Jumapili watoto wacheze mechi yao."

Siku ya pili, Mwalimu aliweka sinia kubwa la kuokea juu ya kila meza, pamoja na rula na jagi la maji. "Marlys anasema mara moja. Tusimkubalie wala tusimkatalie. Tuangalie boza moja likimwagwa uwanja mzima, maji yatapanda mpaka wapi."

Dorian alichora uwanja, akaugawa katika miraba ya mita moja moja. "Miraba mia nane, lita elfu nane. Kila mraba unapata lita kumi." Akapima sinia lao. "Hili ni sehemu ya tano ya mraba, kwa hiyo tumwage lita mbili."

Walimwaga, kisha Dorian akasimamisha rula ndani ya maji.

"Sentimita moja! Hapa hata paka akipita atavunja barafu!"

Darasa likaangua kicheko. Marlys hakucheka. Alifungua daftari lake na kuliona kosa palepale: sentimita kumi alikuwa ameziandika kama sifuri nukta sifuri moja ya mita, badala ya sifuri nukta moja. Hakuna aliyekuwa ameuona ukurasa huo. Angeweza kuufunga na kunyamaza. Lakini alimfikiria mjomba wake Jumamosi, na wale watoto siku ya Jumapili, na masikio yakamwaka moto.

"Mwalimu, nimekosea nukta. Ni mara kumi, si moja. Na kuna jingine. Mjomba nimeshamwambia aje mara moja tu."

"Wee!" Dorian alishtuka.

"Basi mpigie sasa hivi," alisema Mwalimu, akampa simu yake.

Marlys akapiga. "Mjomba, samahani sana. Nilikosea. Ni safari kumi."

"Kumi! Wewe mtoto, jana umenitia peponi, leo unanitoa?" Kisha kicheko kikasikika mpaka meza ya mwisho. "Afadhali umesema mapema. Nitaanza kesho asubuhi."

Kuanzia Ijumaa asubuhi mpaka Jumamosi jioni boza lilikwenda na kurudi, na kila tabaka liliganda kabla ya lingine kumwagwa. Marlys na Dorian walisaidia kuburuta mpira wa maji mpaka glavu zao zikakakamaa. Jumapili watoto walicheza mechi yao nzima.

Marlys alimkuta Mwalimu Boyko kwenye benchi akifunga viatu vya kutelezea. "Mwalimu, ile Jumatano ulishuku kuwa nimekosea. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefuta namba moja ukaandika nyingine, basi. Sasa unajua kulikagua jibu lako mwenyewe, hata siku ambayo mimi sipo. Kukosea si aibu, Marlys. Mimi hukosea kila wiki. Ubaya ni kuliona kosa ukanyamaza, mwenzako akaja kuumia. Wewe ulisema, na ndiyo maana watoto hawa wanacheza."

Alisimama, akapiga hatua mbili barafuni, akaanguka puu. Uwanja mzima ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Marlys alimpa mkono, wakaondoka pamoja taratibu, wakiyumba.