Ng'ombe Aliyesingiziwa

Asubuhi Klara alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa bado umefunika migomba. Alijitwika mzigo, akapanda kilima, akamtupia ng'ombe wao Tausi majani. Akamkamua. Kisha akaingia ndani kumfunga mumewe vifungo vya shati.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha zaidi. Sefania alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, mpasuaji mbao hodari. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, na vidole viwili havikujikunja wala kunyooka.

"Taratibu, Mama Eliza. Unaniumiza."

"Msumeno nao ulikwenda taratibu?"

"Shh! Sema panga."

"Tuko wawili humu ndani, Baba Eliza! Nimdanganye nani? Kuku?"

Kijiji kizima kiliambiwa kwamba Sefania alijikata kwa panga akimkatia Tausi majani. Haikuwa kweli. Aliumia kiwandani kwa Mzee Aron, kwenye mashine ya kupasulia mbao. Siku hiyo Mzee Aron alikuwa Korogwe kuuza mbao. Silvano, msimamizi wa kazi, alimfunga Sefania kitambaa mkononi, akamnong'oneza: "Hospitali sema panga. Ukisema mashine, serikali itamfungia Mzee kiwanda."

Sefania alimpenda Mzee Aron kama baba. Ndiye aliyesimamia ndoa yake. Basi akasema panga, na daktari akaandika panga.

Hata Mzee Aron mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja kutoa pole na sukari na mchele, akaongoza sala. Aliwaombea wote wanaokata majani, Mungu awaepushe na mapanga yao.

"Amina," Sefania aliitikia kwa sauti kubwa. Klara aliuma midomo.

Sasa daktari alikuwa amesema vidole vile vinahitaji upasuaji mwingine, Moshi. Bila hivyo vitabaki vimekakamaa maisha yote. Mpasuaji mbao atashikaje gogo?

"Nimefikiri," alisema Sefania. "Tumuuze Tausi."

Klara aliachia vifungo. "Tausi? Umemsingizia mnyama wa watu, na sasa unamuuza!"

Sauti yake ilivuka ua. Jirani yao, Marietha, alikuwa anakuja kununua maziwa. Mama huyu alitoka Njombe, alichuma chai kwenye shamba kubwa la kilima cha pili, na huko alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

"Hodi! Nani anauzwa?"

"Karibu, dada. Anauzwa shahidi," Klara alijibu. Akamweleza yote. Sefania alitazama miguu yake.

Marietha alikaa juu ya kigoda. "Shemeji, uliumia ukiwa kazini?"

"Ndiyo, lakini mimi kibarua tu. Sina mkataba wa maandishi."

"Hata kibarua analindwa na sheria. Mwenye mashine alikupa kazi, anakulipa, na umeumia ukiifanya. Una haki ya fidia."

"Sasa Mzee auze mashine anilipe mimi? Hapana."

"Nani kakwambia auze? Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri ndio wanaochangia. Wewe hukatwi hata senti. Mfuko unalipia matibabu. Unalipa sehemu ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi. Ukibaki na ulemavu, nao una fidia yake."

"Na kosa je? Labda nilisogeza mkono vibaya."

"Hawaanzi kwa kutafuta mkosaji. Wanauliza kama uliumia kazini. Lakini lazima mwajiri ajulishwe mapema. Akishajua, ana siku saba kutoa taarifa. Na madai yana mwisho, miezi kumi na miwili. Wewe unakaa hapa na panga lako la uongo!"

Sefania alijikuna kichwa. "Tumeshapokea pole yake. Mtu akishakula sukari ya pole, anadaije tena?"

Klara alishika kiuno. "Kumbe ni hilo!"

"Shemeji," alisema Marietha, "sukari ni ya chai. Fidia ni ya mkono. Kunywa chai yako, kisha udai haki yako."

"Vaa viatu," Klara alimwambia mumewe.

Wao na Marietha walimkuta Mzee Aron kiwandani, akiwa na Silvano.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Mkono unaendeleaje?"

Sefania akaanza na hali ya hewa. Akaenda kwenye maharage. Akaenda kwenye kwaya. Klara alivumilia mpaka akashindwa.

"Nisamehe, Mzee. Panga ni uongo. Alikatwa na mashine hii hapa."

Mzee Aron alivua kofia. "Mimi nimesali kwa ajili ya panga! Mbele ya Mungu! Silvano?"

Silvano alichezea vumbi la mbao kwa kiatu. "Niliogopa watatufungia, Mzee."

"Kuficha ndiko kunakoleta kesi," alisema Marietha. "Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia."

"Mfuko wa Fidia?" Mzee alishangaa. "Mbona nauchangia kila mwezi? Nilidhani ni kodi nyingine!"

"Hukuuliza ni ya nini?" Marietha alimuuliza.

"Nikiuliza kila kodi, mbao nitapasua saa ngapi?"

Klara alifunga macho. Mume anamficha Mzee jambo ambalo Mzee mwenyewe ameshalilipia! Alitamani kucheka, akashindwa.

"Kazi yangu je, Mzee?" Sefania aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yako," alisema Mzee.

"Na sheria inasema hivyo," aliongeza Marietha. "Mtu hafukuzwi kwa sababu ameumia au amedai haki. Akifukuzwa, awahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikae nyumbani kulia."

Mzee alitoa taarifa siku hiyo hiyo. Yusufu, aliyeshika gogo upande wa pili siku ya ajali, alieleza alichokiona. Sefania alirudi kwa daktari kusema ukweli.

"Nilishangaa," alisema daktari kwa hasira. "Panga gani lenye meno?"

Mambo hayakwenda haraka, kwa sababu ya lile panga. Waliulizwa maswali mengi, wakapiga simu, wakafuatilia. Kila mara Klara alimpa mumewe simu ajibu mwenyewe. Mwishoni Mfuko ulikubali. Sefania alipasuliwa Moshi, na sehemu ya mshahara ikawa inaingia. Kidole kimoja kilipona. Cha pili hakikunyooka kabisa, akalipwa fidia ya ulemavu huo. Mzee Aron alifunga kinga ya chuma kwenye msumeno. Ukutani akaandika kwa rangi: UKIUMIA KAZINI, SEMA KAZINI.

Asubuhi moja Sefania alifunga vifungo vyake mwenyewe. Akachukua panga, akashuka bondeni. Tausi alikuwa analia njaa.

Klara alisimama mlangoni, akapaza sauti kilima kizima kisikie:

"Baba Eliza! Ukijikata huko, ndiyo useme panga!"